Kode ya Gisèle na Preuve par Neuf

Habari ilianzia kwenye robinet ya Kadutu, pale wamama wanapochota maji, na Maman Micheline akashindwa kuitoa kichwani: mwaka huu, kati ya wanafunzi wote waliofanya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, mashine inapitisha tu wale ambao kode yao inagawanyika kwa tisa. Ikibakiza hata moja, umeanguka.

Micheline aliishia shule ya primaire, lakini preuve par neuf, ile ya kujumlisha tarakimu mpaka ibaki moja, aliijua kama Salamu Maria. Binti yake Gisèle alikuwa anafunga mizigo aende kwa nyanya yake huko Katana. Haraka haraka mama akachukua karte yake ya mtihani, akanakili kode kwenye kikaratasi: 40718562391809. Akajumlisha tarakimu: sitini na tatu. Sita na tatu, tisa! Akajumlisha na zile za kwenye karte: tisa vilevile. Basi hakukosea kunakili, na mtoto amekwisha kupita. Akanunua makopo mawili ya poudre, ile nyeupe ya kummwagia kichwani mwenye kupita mtihani.

Siku ya matokeo hakumngoja Gisèle. Akatuma kode kwa telefone. Jibu likarudi: ÉCHEC, ameanguka.

Alilia mpaka jirani yake Adèle akaingia mbio.

"Maman Gisèle, nani alikufa?"

"Diplome!"

Saa ileile akajifunga kikwembe, akaenda kwa Constance mwenye atelier ya kushona, akamwandikisha Gisèle ajifunze kushona. Shule ya infirmière, ya kuuguza wagonjwa, aliyoiota mtoto tangu utoto, imekwisha.

Saa sita Gisèle akafika kutoka Katana, akakuta matanga. Akasoma kikaratasi, akatoa karte yake.

"Maman, hii si kode yangu. Yangu ni 526 pale katikati. Weye uliandika 562."

"Haiwezekane! Nilifanya preuve par neuf, ikatoka sawa!"

"Itatoka sawa siku zote. Mbili na sita, ao sita na mbili, si ni nane tu? Tisa haiangalie nani alikaa mbele."

Micheline akakataa. Akaiandika kode kuanzia nyuma: sitini na tatu. Akaichanganya kama maharagwe kwenye lungo: sitini na tatu.

"Sasa ule mutoto wa watu mwenye hii kode ingine," Adèle akauliza polepole, "yake pia inagawanyika kwa tisa, na ameanguka?"

Habari ya robinet ikafia hapo.

Gisèle akatuma kode yake mwenyewe. RÉUSSITE, amepita, 61%. Adèle akarukia poudre. Kopo zima likaishia kichwani kwa Micheline.

Kelele zikamleta Constance.

"Pongezi. Lakini kiti nimekwisha andika. Mutu lazima akikalie."

Jumatatu Maman Micheline akakikalia yeye mwenyewe, poudre bado iko masikioni.

Wamama wenye watoto wa Exetat, muepuke haya:

– Kubeba habari ya robinet mpaka nyumbani.

– Kunakili kode mbio mbio. Mmoja asome, mwingine afuate kwa kidole.

– Kuamini preuve par neuf peke yake. Haione tarakimu zilizobadilishana nafasi, wala zéro iliyokaa mahali pa tisa.

– Kutuma kode wakati mwenyewe hayuko.

– Kununua poudre mapema.

– Kupita karibu na atelier ya Constance ukiwa unalia.