Nafasi Iliyoharibika

...na huyu mama jaji naye hashushi penseli, "Mwalimu, hebu tufafanulie, mstari huu wa mwisho unasema nini?", unasema nini, laiti angejua, kiongozi wa timu mzima, tai shingoni, kazi yake hapa kwenye mashindano ya hisabati ni kuwasomea majaji wa kigeni karatasi za wanafunzi wake na kuzitetea, na karatasi ya mpwa wake ina mistari mitatu tu, mvivu wa kuandika tangu chekechea, imebaki alama moja apate medali ya shaba, na dada yake asubuhi kwenye simu, "Kaka, ukimwangusha mwanangu usinijie nyumbani", haya, tulia, swali linasema watu kumi na watano wameizunguka meza ya duara, kila mmoja mbele ya kadi ya jina la mwingine, thibitisha kuwa meza ikizungushwa kuna mahali angalau wawili watapata kadi zao kwa pamoja, na mtoto kaandika, zungusha meza, kila mtu atafikiwa na kadi yake mara moja, nafasi moja imeshaharibika, basi... basi nini, wewe mtoto?, "Mwalimu?", "Naam, naam, nakuja", anakuja kutoka wapi na amekaa, awadanganye tu, lugha hii hawaijui, achomekee sentensi mbili za kwake, lakini achomekee nini na mwenyewe haelewi, jaji wa pili anatafuna biskuti krup krup, fikiri bwana, waweke watu unaowajua, mama mkwe mbele ya kadi ya shangazi, kanuna tayari, shangazi mbele ya kadi ya shemeji, lo, vita hivyo, hakuna aliyekaa kwake, zungusha, zungusha tena, meza ina nafasi kumi na tano za kusimama, ila hii ya mwanzo haimfai mtu yeyote, hii ndiyo... hii ndiyo iliyoharibika!, zimebaki kumi na nne, watu kumi na watano, lazima wawili waangukie nafasi moja, wee!, imekwisha, hakuna hata neno la kuongeza, na yeye jana usiku kajaza kurasa nne za swali hili hili asifike popote, furaha iliyoje, furaha na wivu, ndiyo, wivu, aseme ukweli, alama ataipata, atamtetea kwa pumzi moja, lakini wakirudi nyumbani, darasani, chaki mkononi, yeye atamfundisha nini tena huyu mtoto, "Mwalimu," anasema mama jaji, penseli bado iko juu, "unaelewa alichoandika?"