Barua Aliyoichoma Khuyên

Siku ya kumi na tano ya mwezi, Khuyên alitoka zamu saa tisa alasiri, akavua viatu mlangoni, akaweka kuku wa kuchemsha na wali wa kunata juu ya meza ya kuwakumbuka wazee waliotangulia, akawasha vijiti vitatu vya udi. Mama mkwe wake, Bi Thoa, alikuwa ameshanunua vitu vya karatasi vya kumpelekea marehemu mumewe: shati la karatasi, viatu vya karatasi, na miwani ya karatasi kwa kuwa ile ya mwaka jana lazima ilikuwa imeshavunjika. Udi ulipokwisha walivipeleka uani wakavichoma ndani ya debe, kimoja kimoja, Bi Thoa akitaja jina la mpokeaji na mtaa wake ili mzigo usipotee njiani. Kisha Bi Thoa akaingia ndani kukatakata kuku. Khuyên akachomoa barua kifuani, akaitupia motoni nayo.

Barua ilitoka kwa daktari wa Hanoi. Ilisema kwamba Khuyên, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, ana tatizo la kupungukiwa umakini, na kwamba amekuwa nalo tangu utotoni, ikataja na dawa za kumeza kila asubuhi. Alipoisoma mara ya kwanza alilia kwa furaha mbele ya daktari. Maisha yake yote alikuwa ameitwa mzembe na kichwa maji. Alikuwa ameunguza masufuria yasiyo na idadi, amepoteza miavuli mitatu katika msimu mmoja wa mvua, na siku moja alimsahau binti yake shuleni mpaka jua likazama. Kumbe haukuwa uzembe. Lakini furaha hiyo haikufika nyumbani. Iliishia kwenye basi, katikati ya mashamba ya mpunga, alipokumbuka kazi yake.

Khuyên alikuwa mlinzi wa lango la reli. Simu ya stesheni ikilia kibandani, alitoka na kulisukuma lango la chuma kwa mikono yake, pikipiki zikasimama, treni ikapita. Kwa miaka kumi na moja hakuna treni iliyolikuta lango lake wazi. Vitu vyote duniani vilimpigia kelele kichwani kwa pamoja, isipokuwa treni. Simu ikilia, kelele zote zilinyamaza. Lakini nani angelielewa hilo? Mlinzi wa reli asiye na umakini! Hata yeye, angesikia habari hiyo juu ya mtu mwingine, angetikisa kichwa. Ndiyo maana alikwenda mbali kutibiwa, hakuonyesha kadi ya bima wala hakumwambia mtu. Barua aliificha kwenye mtungi wa mchele, kisha ndani ya mto, kisha ndani ya kiatu, na kila mahali mkono wa Bi Thoa ulikaribia kufika. Basi akaona heri moto.

Alichosahau, na wenye roho mbaya wangesema ndio ugonjwa wenyewe huo, ni kwamba kitu kikiingia kwenye debe lile siku ile hakiteketei. Kinafika. Na mpokeaji, Mzee Biên, alikuwa mtangazaji wa mtaa kwa miaka thelathini. Karatasi yoyote iliyomfikia mkononi aliisoma.

Spika ya mtaa ilikuwa bado kwenye nguzo ya kona. Nyaya zake zilikatwa miaka minne iliyopita na shomoro walikuwa wamejenga kiota ndani. Kesho yake, saa kumi na moja jioni, shomoro walitoka, spika ikakohoa.

Mzee Biên aliwasalimu wananchi. Alitangaza siku ya kuchanja mbwa. Kisha akaisoma barua ya daktari kwa sauti ileile ya utulivu, neno kwa neno, jina la mgonjwa, mwaka wa kuzaliwa, maelezo yote, mpaka na maneno yaliyomo ndani ya muhuri. Akawatakia watu jioni njema.

Muuza supu wa kona alifunika sufuria yake, akasema kifo kimemsaidia mzee, sauti imesafika. Bi Thoa hakukubali.

"Bado anakohoa," alisema. "Sigara zile nilimkataza." Kisha akamgeukia Khuyên, akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, si ungeniambia mimi? Mimi ningewaambia watu wanne tu."

Asubuhi Khuyên alikwenda kazini kama kawaida. Treni ya kwanza ilipita, akalifungua lango. Watu hawakuvuka. Walisimama kwanza, wakatazama kushoto, wakatazama kulia, akina mama wakawashika watoto mikono, ndipo wakavuka. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimu vizuri kabisa. Khuyên aliingia kibandani akakaa, na moyo ukamuuma kuliko siku zote alizowahi kutukanwa.

Usiku, mtaa ukiwa umelala, watu walianza kumjia nyumbani mmoja mmoja kupitia mlango wa nyuma. Kinyozi alikuja. Mwalimu wa hesabu alikuja. Kila mmoja aliuliza anwani ya yule daktari, kwa ajili ya rafiki yake. Na kila mmoja, akitoka, alimsihi Khuyên asichome kitu.

Siku ya tatu alikuja mkuu wake wa kazi, Bwana Quyền, na mfuko wa machungwa. Aliwasha udi kwa heshima ya Mzee Biên, akakaa, akanywa chai.

"Dada Khuyên, kwa kazi yako sina la kusema," alianza.

"Sijawahi kukosa treni hata moja, mkuu."

"Najua. Tatizo si treni. Tatizo ni kwamba sasa watu wanajua."

Akamwambia kwamba kuanzia Jumatatu atafyeka nyasi kando ya reli, kilomita mbili kutoka langoni, kwa ajili ya afya yake. Kisha akatazama mlangoni, akashusha sauti.

"Na hizo dawa. Mtu akimeza asubuhi, zile kelele zinatulia?"

Khuyên alimtazama. Funguo za mkuu zilikuwa bado kwenye pikipiki yake, nje, na injini ilikuwa inanguruma.

"Zinatulia, mkuu."

Bwana Quyền aliomba aandikiwe anwani. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mdomoni, akaitafuna na kuimeza kwa chai, maana kuichoma asingethubutu. Halafu akatoa kalamu, akatia saini uhamisho wa Khuyên.

Mwezi mpya ulipoandama, Khuyên alilitoa debe. Kwa miaka kumi na moja, kwa kuwa hakukiamini kichwa chake, alikuwa ameandika kila treni katika madaftari yake mwenyewe. Aliyachoma yote, na safari hii alitaja jina la mpokeaji kwa sauti.

"Baba," aliongeza, "na haya pia yasome."

Tangu siku hiyo Mzee Biên anasoma. Namba ya treni, saa lango lilipofungwa, saa lilipofunguliwa, salama. Treni inayofuata, salama. Watu wanapika wali huku wakisikiliza, na watoto wachanga hawalali bila hiyo. Mwalimu wa hesabu alipiga hesabu akasema mzee ataendelea kusoma kwa miaka tisa. Bwana Quyền naye husimamisha pikipiki chini ya nguzo, akasikiliza kofia ikiwa mkononi. Anasema inasikitisha sana, lakini sauti haina muhuri, ofisi haiwezi kuipokea.

Mlinzi mpya ni mwanamume mpole wa makamo, ana cheti safi cha afya. Mwezi wa kwanza alichelewa kufunga lango mara mbili. Iliandikwa kwamba kulikuwa na ukungu. Watu wanavuka bila kutazama.

Na Khuyên anafyeka nyasi. Treni ya jioni ikikaribia, hakuna simu inayolia huko porini, lakini anaweka mundu chini, anasimama, anausukuma upepo kwa mikono miwili na kuushikilia hapo mpaka behewa la mwisho lipite. Kisha anaurudisha mahali pake. Ng'ambo ya mashamba ya mpunga baba mkwe wake anakohoa, anasema salama, na Khuyên anaokota mundu wake.