Ukurasa wa Pili wa Wagdi

Rawya alibonyeza ukurasa wa pili kwa mara ya tisa asubuhi ile, na kwa mara ya tisa zikarudi makala zile zile kumi za ukurasa wa kwanza. Akasonya.

Tovuti ilikuwa ya marehemu kaka yake, Wagdi: makala sitini na nne kuhusu njiwa aliowafuga juu ya paa la nyumba yao, mjini Mansoura. Leo ilikuwa arubaini yake. Alasiri wageni wangefika, na mama alitaka wasomewe makala ya kwanza kabisa, ambayo, kwa kuwa mpya hutangulia, ilikuwa huko mwisho, ukurasa wa saba.

"Bado?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Bado, mama."

"Sasa hiyo kompyuta ina kazi gani?"

Rawya akampigia Hatim, rafiki wa Wagdi aliyeandika msimbo wa tovuti.

"Makala za njiwa zina ombi lao peke yao, yaani amri ya msimbo inayoziita," Hatim akasema. "Umeliambia tuko ukurasa wa ngapi?"

"Nimeliambia. Halisikii."

"Kwangu linafanya kazi, dada."

"Basi wageni wangu niwalete kwako."

"Nisomee anwani ya huo ukurasa, mpaka mwisho."

Akaisoma. Mwisho palikuwa na tarakimu ٢.

"Hiyo mbili ni yetu au ya Kizungu?"

"Yetu."

"Wagdi huyo! Alinibishia wiki nzima kwamba msomaji wa Kiarabu apewe tarakimu zake. Nikamkatalia. Kumbe alizibadili mwenyewe kila mahali, hata kwenye anwani. Mashine haizitambui, inahesabu sifuri, inakurudisha mwanzo."

"Mwaka mzima hakuna aliyeona?"

"Nani anafika ukurasa wa pili, dada?"

Rawya akakata simu bila kuaga. Akaongeza mstari mmoja kwenye msimbo: kwenye kitufe tarakimu zibaki alivyotaka mbishi yule, kwenye anwani ziwe zile zinazoeleweka na mashine. Akabonyeza saba. Zikaja makala nne.

Mama akaja akijifuta mikono. Makala ya chini kabisa ilikuwa mistari mitatu tu. Njiwa wawili wamefika, dume ni mkali, na mama amegomba kwa sababu ya manyoya kwenye nguo zilizoanikwa.

"Nilizifua asubuhi ile ile," mama akasema kwa hasira. "Zote. Hebu soma tena."