Damu Haitulii

Tangu mumewe afariki ghafla, Mwanaamina, muuza vitenge wa Kibondo, alikuwa akiusikiliza mwili wake kama mtu anayesikiliza paa wakati wa mvua, akingoja kujua patavuja wapi. Watafiti walipokuja kutafuta watu wazima wasio na ugonjwa, alijitolea upesi. Alitaka aambiwe na mtu mwingine kwamba yu mzima.

Mkuu wao, Ildefonsi, aliwaeleza kuwa hewa ileile inayotuweka hai hutuchakaza ndani polepole, kama inavyokula bati, na uchakavu huo huacha alama katika damu. Wangewapima masika na kiangazi, waone alama hizo zinavyokwenda.

Safari moja muuguzi Esteri, akimbana Mwanaamina pamba mkononi, aliteleza ulimi akamwambia kwamba alama zake zimepanda kuliko mwanzo. Kisha akaita mwingine.

Mwanaamina akatoka. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba, na barabara ya Kasulu ilipotelea humo. Alihisi kutu ikimtembea mishipani, nyepesi kama vumbi jekundu. Ajabu, hakulia. Kila kitu kilikuwa kama kinamuaga kwa upole: harufu ya mahindi ya kuchoma, mbuzi waliolala kando ya njia, mwanamke akimwita mwanawe kwa Kiha. Miguu ikamchukua yenyewe hadi stendi, akapanda gari la Kasulu.

Huko aliishi Lukmani, mfanyabiashara wa maharage aliyefiwa na mkewe. Alikuwa amemposa zamani, naye Mwanaamina akawa anamzungusha kwa maneno mazuri. Alimkuta uani akianika maharage.

“Nimekubali,” alimwambia, hata kabla ya kuketi.

Lukmani aliduwaa, maharage yakimponyoka vidoleni. Walikaa pale mpaka jua likaegemea vilima, wakizungumza kidogo tu. Mwanaamina alijiona kama anaitazama furaha ya mtu mwingine usingizini.

Aliporudi Kibondo alimwendea Ildefonsi, akamweleza maneno ya Esteri na kuuliza amebakiwa na muda gani. Ildefonsi alisikitika sana, akamwomba radhi.

“Huumwi, mama,” alisema. “Mabadiliko hayo ndiyo tuliyokuja kuyatafuta. Damu ya mtu mzima haitulii. Usingizi, jembe, chakula, vyote huipandisha na kuishusha. Tusipojua mwenye afya hubadilika kiasi gani, tutamwitaje mwingine mgonjwa?”

Mwanaamina akampigia simu Lukmani, akamsimulia yote bila kuficha.

“Basi nakurudishia neno lako, Bi Mwanaamina,” Lukmani alisema taratibu. “Ulilitoa ukidhani unaondoka.”

“Hofu ilinipandisha gari tu,” alimjibu. “Neno lenyewe nilikuwa nalo siku nyingi.”

Ndoa ilifungwa Kasulu baada ya mavuno. Vitenge vikahamia huko pamoja na mwenyewe. Watafiti walipomwita tena, alikwenda Kibondo, akakunja mkono wa gauni lake, akaitazama damu ikipanda kwenye kichupa, nyekundu na tulivu, akiwaza atapika nini jioni.