Kiungo Chenye Ndevu

Mama alikuwa ananificha kitu, na kuficha hajui. Tangu nifike aliketi kitandani, mgongo ameuegemeza kwenye kabati la nguo, akiniuliza habari za watu ambao hata yeye hawapendi. Na kabati lenyewe halikuwa mahali pake. Maisha yangu yote lilikaa upande wa dirisha. Sasa lilikuwa limebanwa kwenye ukuta wa bafu, limeziba nusu ya swichi, hata kuwasha taa ulilazimika kupenyeza kidole.

"Mama, nani alihamisha kabati?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Kidogo kidogo."

Akakohoa. Kikohozi hicho nilikuwa nakisikia kwenye simu miezi mingi, na kila nikiuliza aliniambia ni vumbi. Vumbi gani linanuka hivi? Mimi ni fundi bomba. Harufu ya ukuta uliolowa naijua kabla sijavua viatu. Nikamwomba asimame, hakusimama. Nikamwomba tena, kwa sauti ambayo si ya kumtolea mzazi, akasimama. Nikalisukuma kabati.

Ukuta ulikuwa umeoza. Unyevu ulipanda hadi usawa wa kifua changu, rangi imevimba malengelenge, lipu inamomonyoka ukiigusa kwa kidole. Kwenye kona kulikuwa na ukungu mweusi, mnene, umetambaa hadi nyuma ya mto wake wa kulalia. Miguu ya kabati ilikuwa imelowa na kupasuka. Droo ya chini, alikotunza nguo za marehemu Baba, haikufunguka mpaka nilipoivuta kwa mikono miwili, na ovaroli yake ya kazi ilikuwa imeota ukungu kwenye kola.

"Tangu lini?"

"Si muda."

"Mama."

"Mwezi wa pili."

Tulikuwa mwezi wa kumi. Miezi minane mama yangu alilala akivuta ukungu ule! Na si kwamba hakujua la kufanya. Mke wa fundi bomba zaidi ya miaka arobaini hashindwi kufunga koki. Kila alfajiri alitoka nje kwenye mita, akafungua maji, akajaza ndoo zake nne, akafunga. Wageni walipokuja aliwaambia maji yamekatika mtaani. Ndiyo maana ukuta ulikuwa bado umesimama.

"Una mtoto fundi bomba," nikamwambia. "Watu nisiowajua wananiita kwao kila siku. Kwa nini hukuniita?"

"Sikutaka ukuta huo uvunjwe."

"Bora uvunjike kifua chako?"

Nikadhani nimemwelewa. Alikuwa analinda jina la mumewe, nikawaza, na hasira zikanipanda, kwa sababu ukuta ule na mimi tuna habari yetu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba alikuwa ananifundisha kazi, na alikuwa amenipa jina la Spana, ambalo hakuna mwingine aliyeniita. Mimi ni mashoto. Uzi wa katani unaozibia maji kwenye kiungo huzungushwa kufuata upande bomba linakokazwa. Mkono wangu ulikuwa unauzungusha kinyume, na nikikaza, nyuzi zinachomoza nje. Baba alikuwa anacheka mpaka anashika kiuno. "Spana, kiungo chako kina ndevu. Kipeleke kwa kinyozi."

Mwaka huo alikuwa anapitisha bomba kwenye ukuta huo ili maji yafike bafuni. Siku ya mwisho akaitwa kwenye kazi ya mtu, akaniachia kiungo kimoja tu. Nikifunge, nisikifukie. Hiyo ilikuwa sheria yake: kiungo hakifukiwi mpaka kilale na maji usiku kucha, kikiwa wazi, na gazeti kavu chini yake. Gazeti likiamka kavu, ndipo lipu ipigwe. Lakini mimi na ujuaji wangu nilitaka akirudi akute bafu linatiririsha maji. Nikafunga, nikachanganya saruji, nikafukia siku hiyohiyo. Mama ndiye aliyenishikia ndoo, tukicheka kama wezi.

Baba alirudi jioni. Alifungua bomba la bafuni, akanawa mikono, akautazama ukuta mbichi. "Kesho naufumua," akasema. Basi. Si hongera, si pole. Nikanuna, nikaenda kulala kwa shangazi siku mbili. Niliporudi, ukuta ulikuwa na lipu mpya, imenyooka kuliko yangu. Hakusema neno, nami sikuuliza. Kilichohitaji kuulizwa ni nini? Alikuwa amekitupa kiungo changu akaweka chake. Mwaka uliofuata nikaenda kujifunza kwa fundi mwingine, na tangu hapo sikushika kazi moja na Baba hata siku moja. Tulikula pamoja, tukaulizana afya, tukazungumza mambo yote isipokuwa mabomba. Alifariki miaka miwili iliyopita. Nilimzika nikiwa bado nimenuna, na hilo sikuwa nimemwambia mtu.

Kesho yake nikamhamishia Mama kitanda sebuleni, nikamwita Taratibu. Huyu ni fundi wa ukuta ninayefanya naye kazi, na jina hilo si la utani mtupu: ukimwita kwa moto, atakuja kukagua majivu. Lakini mkono wake ni msafi. Akaugonga ukuta kwa kishikio cha mwiko, akisikiliza palipo patupu, akachora mstari juu kidogo ya ulipofika unyevu.

"Chini ya hapa yote inatoka, dada. Halafu matofali yakae wazi wiki tatu, madirisha yafunguliwe, yakauke. Tukipiga lipu sasa, ukungu utarudi kabla sijafika nyumbani."

"Na utafika nyumbani lini?" nikamuuliza.

Akacheka peke yake. Mama alikuwa ameleta kiti, ameketi mlangoni, kitambaa puani. Nilimwambia atoke kwenye vumbi, akaniambia vumbi na yeye ni marafiki wa zamani. Macho yake hayakutoka kwenye patasi ya Taratibu.

Lipu ilidondoka vipande vizima. Nyuma yake bomba la chuma likatokea, kutu nyekundu, na maji yakilia polepole kwenye kiungo. Palepale. Kiungo kilekile nilichokuwa nimekiwaza miaka ishirini na sita. Niseme kweli, nilifurahi. Ni furaha mbaya, lakini niliisikia hadi vidoleni.

"Haya, oneni kazi ya mzee!" nikasema kwa sauti, ili Mama asikie. "Bwana wa kufumua kazi za wenzake. Hiki ndicho kiungo chake."

Mama akainamisha kichwa. Taratibu akajitia kutafuta mwiko uliokuwa mkononi mwake.

Nikachukua kitambaa nikifute kiungo kabla ya kukikata. Kutu ikatoka, tope likatoka. Mdomoni mwa kiungo vidole vyangu vikakwama kwenye kitu kigumu. Nikasogeza tochi. Nyuzi za katani zilikuwa zimechomoza nje, zimekauka, zimekuwa nyeusi. Zilizungushwa kinyume.

Hakuna fundi mwenye mkono wa kulia anayezungusha uzi hivyo.

"Mama," nikasema, "hiki ni changu."

"Najua."

"Alisema anakifumua."

"Alifumua ukuta. Uliponuna ukaenda kwa shangazi yako, aliuvunja wote, akakiona. Alikicheka hicho kiungo mpaka machozi. Nikamwambia, basi kitoe kama kibaya. Akasema kwanza kilale na maji kama vingine. Akaweka gazeti chini." Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Asubuhi gazeti lilikuwa kavu. Akaliinua akanionyesha. 'Kimelala kikavu, mama Spana,' akaniambia. Akapiga lipu mwenyewe."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema utauliza. Akasema fundi yeyote angeuliza. Kila ukija alikuwa anangoja."

"Na mimi nilikuwa nangoja aniambie."

"Najua, mwanangu. Nilikuwa nakaa katikati yenu." Akaufuta uso kwa kitambaa kile cha vumbi. "Alinikataza nisiseme, alitaka mzungumze wenyewe. Akafa. Nikasema nitakuambia arobaini ikipita, halafu nikasema mwaka ukipita. Kisha ukaanza kuvuja. Nikawaza, nitamwambiaje leo kwamba baba yake alikiamini, na chenyewe ndicho kinachoangusha nyumba?"

Niliona haya hadi masikio yakawaka moto. Nilikuwa nimemcheka maiti mbele ya mjane wake, kwa kosa la mikono yangu. Nikampigia magoti Mama hapohapo kwenye kifusi, nikamwomba radhi. Kwa Baba sikuwa na pa kuombea. Nililia, na Taratibu, Mungu ambariki, akatoka kwenda kutafuta maji ya kunywa, akachukua muda wake wote.

Aliporudi tukakata bomba pande zote mbili. Kiungo nilikishika kwa spana mbili nikajaribu kukifungua, kikakataa. Kutu ilikuwa imekula chuma pembeni, na hapo ndipo maji yalipokuwa yakitokea. Uzi wangu wenyewe ulikuwa bado umeshika. Nikaweka bomba jipya la plastiki, nikaenda nje kufungua koki ya kwenye mita. Maji yakapanda. Jua lilikuwa bado lipo, na Taratibu, ambaye safari hii alikuwa na haraka, akauliza kama apige saruji kidogo kushikilia bomba, maana ukuta wenyewe utakaa wazi hata hivyo.

"Usiguse," nikamwambia. "Mpaka kesho."

Nikatafuta gazeti, nikalikunja, nikaliweka chini ya kiungo kipya. Usiku huo nililala sebuleni, chini, kando ya kitanda cha Mama, nikihesabu kikohozi chake.

Asubuhi nilimkuta ameshanitangulia. Alikuwa amesimama mbele ya matofali yaliyo wazi, madirisha yote ameyafungua, ananingoja. Gazeti hakuwa amelisogeza. Nikachuchumaa, nikaligusa, nikaligeuza upande wa pili. Halafu nikabaki nimelishika, maana kulikuwa na swali nililopaswa kuliuliza tangu nikiwa na miaka kumi na saba, na sasa wa kuulizwa alikuwa amebaki mmoja.

"Kimelalaje?" nikauliza.

Mama akalichukua gazeti, akalipitisha shavuni mwake taratibu.

"Kimelala kikavu, Spana," akasema.