Pampu Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Kibera ina dawa ya kila shida isipokuwa moja: mama mkwe atalala wapi. Wekulo aliligundua hilo mwaka wa tisini na sita, Nabalayo, mama ya mkewe, alipotoka Bungoma kuja kufanyiwa operesheni ya jicho. Nyumba ya Wekulo na mkewe Bridgit huko Mashimoni ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: huku kitanda, kule stovu, mitungi na baiskeli isiyo na mnyororo. Kwa Wabukusu, mwanamume na mama ya mkewe hawapeani mikono, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mwanamume ndiye anayeingia majanini kumpisha mama. Sasa Mashimoni majani utayatoa wapi? Ukisogea hatua mbili kumpisha mtu umeshaingia kwa jirani, na jirani ameshakumiminia chai.

Aliyewaokoa ni Musyoka, mwenye gereji ambako Wekulo alikuwa fundi wa stima, yaani umeme, wa magari, kule Kawangware. Uani kulikuwa na karavani ndogo nyeupe, nyumba ya magurudumu mawili ya kuvutwa na gari, mali ya tajiri mmoja wa Lavington. Tajiri aliileta ipakwe rangi, kisha akasafiri. Musyoka alimpigia simu, akamweleza habari za mgonjwa, na tajiri akasema alale tu, bora asivute sigara.

Ndani mlikuwa na kitanda, taa ya betri, na sinki yenye mfereji uliosimama kimo cha kifua. Huo mfereji ndio uliomfurahisha Bridgit hadi machozi. Daktari alikuwa amewaonya: mama asikae kwenye vumbi, anawe mikono kwa maji safi kila akitiwa dawa, na zaidi ya yote asiiname, maana akiinama kazi yote iliyofanywa ndani ya jicho inaweza kufumuka. Nani Kibera hunawa bila kuinama? Beseni liko chini, na aliye chini mfuate.

Basi siku ya kwanza maji yalitoka vizuri. Kesho yake asubuhi mfereji ukakauka, na taa ikawa hafifu kama njiti ya kiberiti inayokata roho. Nabalayo akaletewa beseni, akaliinamia, na jicho likampiga ndani kwa ndani kama ngoma. Alinyanyuka polepole, akakaa kitandani, akamwambia Bridgit anarudi nyumbani kwa basi la jioni. Jicho lake la pili lilikuwa na ukungu wa miaka, likiona sana linaona kivuli.

"Kama ni kupofuka," alisema, "nipofukie kwangu, ambako najua kila nguzo iliposimama."

Bridgit alimpitishia mumewe maneno hayo huku akikimbilia kazi yake ya kufua nguo za watu mtaa wa Nyayo Highrise. Akaongeza moja la kwake: mama akiondoka kabla bandeji haijatolewa, hatarudi tena Nairobi, na lile jicho ndilo lililobaki la kutegemewa.

Wekulo akaanza kazi kwa nje. Betri ilikuwa imejaa. Fyuzi zilikuwa nzima. Tenki lilikuwa na maji, tena ya mtungi, yaliyochujwa kwa kitambaa. Ilibaki pampu, ile ya kuyasukuma maji kutoka kwenye tenki hadi kwenye mfereji. Na pampu ilikuwa wapi? Chini ya kitanda. Kitanda cha nani? Hapo Wekulo akaiweka spana chini na kujikuna kichwa. Hata mama angetolewa nje, na nje ni vumbi tupu, yeye hangeweza kutia mkono mahali anapolala mama ya mkewe.

"Tuma mimi," alisema Oyoo, mpaka rangi wa gereji, kijana aliyezaliwa akicheka. "Mimi si mkwe wa mtu yeyote. Nimejaribu, nimekataliwa."

Akapanda ngazi. Hakumaliza hata salamu. Harufu ya thinner, dawa ya kuyeyushia rangi, ilikuwa imemtangulia, jicho la mama likaanza kutoa machozi chini ya bandeji, na Oyoo akatoka kinyumenyume kama mbuzi aliyekutana na chui. Aliripoti kwamba amefukuzwa kwa Kibukusu, lugha asiyoijua, lakini ameelewa kila neno.

Ndipo sauti ikatoka dirishani.

"Nani yuko huko nje?"

"Ni mimi, Mama." Wekulo aliugeuzia ukuta mgongo. Kulikuwa na ukuta, kulikuwa na pazia, na mama mwenyewe alikuwa amefungwa jicho, lakini heshima haiulizi kama unaonekana.

"Hiyo mashine yako haijafa. Inachagua."

"Inachagua nini, Mama?"

"Nikigeuka kitandani inanguruma, na mfereji unakohoa. Nikitulia, inanyamaza. Nikienda kusimama pale kwa mfereji, haisemi kabisa. Nilidhani inanionea haya, kama wewe."

Oyoo alijitia ngumi mdomoni asicheke. Wekulo hakucheka. Alikuwa ameizunguka karavani hiyo tangu asubuhi na taa yake ya kupimia, asipate kitu, na huyu mama asiyeona, aliyekwisha kufunga mzigo wake, alikuwa amelala pale gizani akiisikiliza hadi akaijua tabia. Alimwuliza tena, polepole, ni ubavu upi. Ni wa ukutani. Na sakafu inalia? Inalia.

Akaelewa. Sakafu ikikandamizwa upande mmoja, waya fulani unagusa mahali pake. Uzito ukihama, unaachia. Stima ya betri huenda kwa waya na kurudi kwa chuma cha gari lenyewe. Aliinama, akatazama chasi, kiunzi cha chuma kinachobeba sakafu. Ilikuwa nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

"Oyoo. Hizi bolti ulizifungua ukapaka rangi hadi chini yake?"

"Kila moja. Kazi safi ama si safi?"

"Safi sana. Jana ilikuwa haijakauka vizuri. Leo imekauka, na stima haina njia ya kurudi nyumbani."

Oyoo akaangalia kazi ya mikono yake kwa huzuni ya msanii. Na shida ilikuwa hiyo hiyo kazi ya mikono yake: alikuwa amepaka bolti, akapaka na nyaya zote zilizoshuka pale, shada zima jeusi kama nywele zilizosukwa, usijue huu unatoka wapi na ule unaenda wapi. Kuzikwangua zote kungemaliza siku, na basi la jioni halingojei.

Wekulo akatandika gunia, akalala chali, akajisukuma chini ya karavani. Minong'ono ikaanza uani. Oyoo alimwuliza Musyoka kama amewahi kuona mtu akilala chini ya mama mkwe wake mchana kweupe, na Musyoka akajibu kwamba Ukambani wangekuwa wameshaita wazee. Wekulo aliisikia yote. Juu ya pua yake, unene wa ubao tu, ndipo palipokuwa na yule mama.

"Mama," aliita, "usiiname. Lala chali. Ubavuni mwa kitanda kuna mlango mdogo, ufungue, uteremshe mkono."

Kisha ubao ukalia.

"Kuna kitu kama kibuyu. Kina joto."

"Ndiyo pampu. Ina nyaya mbili. Mmoja unapanda ukutani. Mwingine?"

"Unaingia sakafuni. Inauma?"

"Stima ya betri haina meno, Mama."

"Wewe ndiye unayesema. Mwenye mkono ni mimi."

"Ushike huo unaoingia sakafuni. Uvute taratibu, uachie."

Wekulo aliweka vidole vyake juu ya lile shada la nyaya, kwa wepesi, kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala. Akangoja. Uani Oyoo alikuwa ameishiwa na utani. Na hapo, katikati ya nyaya zilizokuwa zimelala kama maiti, mmoja ukatembea. Ulipanda kidogo, ukashuka. Ukapanda tena.

Miaka yote ya ndoa yake Wekulo hakuwahi kumpa mama huyu mkono. Alikuwa amemjua kama kivuli kinachoingia jikoni yeye anapofika, kama kikohozi nyuma ya mlango. Sasa mama alikuwa mwisho wa pili wa waya, anavuta, na Wekulo alikuwa mwisho huu, anahisi. Alitikisa kidogo upande wake. Juu, mkono ukatulia, kisha ukajibu.

"Nimekupata," alisema. "Nimekupata, Mama. Achia, upumzike."

Aliufuata ule waya hadi kwenye bolti yake, akaifungua, akaikwangua rangi mpaka chuma kikatoa macho, akaikaza. Taa ikawaka, dirisha lililokuwa juu ya Oyoo likageuka manjano. Pampu ikanguruma mara moja, kwa sauti nzima, bila kigugumizi. Mfereji ukakohoa, ukatema hewa, ukatema hewa tena, kisha maji yakaanguka ndani ya sinki.

Lakini bado hapakuwa na uhakika mpaka mama asimame. Kila mtu pale uani alijua. Hatua zikasikika, moja, nyingine, zikipita juu ya kifua cha Wekulo kuelekea kwenye mfereji. Sakafu ikalia. Pampu ikaendelea.

Nabalayo akafunga mfereji, pampu ikanyamaza. Akafungua, ikaamka. Akafunga.

"Imejuaje?"

"Bomba likiwa limejaa inalala, Mama. Ukifungua, inahisi limelegea."

"Inahisi," alisema Nabalayo. Akafungua tena, na safari hii hakufunga. Alianza kunawa akiwa amesimama wima kama mtu anayeimba kanisani, bila haraka, kiganja, kiwiko, kiganja. Oyoo alivua kofia, na ukimwuliza leo atasema alisikia joto. Baadaye mama akasema, si kwa mtu fulani, kwamba Bridgit amweleze daktari bandeji itatolewa Ijumaa kama walivyopatana. Yeye yupo.

Wekulo alifumba macho. Ndipo maji ya kwanza yakamwangukia shingoni. Sinki ya karavani humwaga maji yake nje, chini ya sakafu, na hapo ndipo alipokuwa amelaza kichwa. Yalikuwa baridi, yana sabuni, yakaingia kwenye ukosi na kuteremka hadi mgongoni.

"Maze, toka," alinong'ona Oyoo akiwa amechutama. "Hayo ni maji ya mama mkwe. Kwenu si hiyo ni faini ya kondoo?"

Wekulo alimfanyia ishara anyamaze, lakini masikio ya juu yalikuwa yameshasikia. Mikono ikasimama ndani ya sinki.

"Wekulo." Hakuwahi kumwita kwa jina. "Nakumwagia maji?"

Tone lilining'inia kwenye mdomo wa bomba, likakua, likamdondokea kwenye paji la uso.

"Hapana, Mama," alisema. "Nawa."