Mchaichai wa Ilomba

Mchaichai haujioteshi Mbeya. Hauna mbegu ya kupeperushwa na upepo. Ni lazima mtu abebe shina lake aje alipande. Kwa hiyo nilipouona Ilomba, nyuma ya nyumba ya udongo, nilijua nimefika. Nilifikicha jani, nikanusa. Ndio wenyewe, ule wa uani kwetu Iringa, aliokuja nao bibi yetu kutoka pwani. Msafwa mmoja, mwenyeji wa pale, niliyemuuliza njia alisema hayo ni majani ya ng'ombe, ila ng'ombe wenyewe hawayataki. Nilitaka kumcheka, kumbe machozi yananitoka.

Zuena ni mdogo wangu. Alipoolewa na Ezekia, Mkristo, Baba alisema jina lake lisitajwe tena. Zuena akang'oa shina moja la mchaichai uani, akalifunga kwenye kanga, akaondoka, tukasikia tu yuko Ilomba. Sasa Mama yuko kitandani, hataki kula, anamtaka mwanawe. Nilikuja kumchukua.

Nilipiga hodi, kimya. Nikasema, huyu mtoto habadiliki, ameacha mchaichai unakuwa pori. Ulipandwa juu ya tuta, nikajua ni zile amri za bwana shamba wa Mwingereza, kupanda majani kwenye matuta mvua isichukue udongo. Nikachuma ya kujaza sufuria, Zuena akirudi anikute nimeshabandika chai.

Aliyerudi ni Ezekia, jembe begani. Alinitambua. Hakunisalimu, alitazama mikono yangu.

"Shemeji, hayo umechuma wapi?"

"Hapo nyuma, kwenye tuta. Mkeo yuko wapi? Mwambie dada yake Bibie amekuja, afunge mizigo."

"Lile si tuta, shemeji."

Nilimwelewa papo hapo, na bado nikamwambia asinitanie. Akanikalisha chini. Uzazi, akasema, masika ya mwaka jana, Zuena na mtoto. Aliomba apandiwe mchaichai kaburini, dada yake akipita aujue. Hapo hasira zikanipanda. Nikamuuliza ni mtu wa namna gani, mwaka mzima asitutumie hata neno.

"Nilikuja mwenyewe Iringa, shemeji. Nilimkuta Baba dukani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nisifike nyumbani."

Jana naaga, Baba alikuwa amekaa kitandani kwa Mama, kijiko mkononi, anambembeleza ale, anamwambia Zuena yuko njiani.